Mzigo Aubebe Nani

Anayefungua tresi, yaani rekodi ya matukio ya kompyuta, mara nyingi ana shida mkononi. Seva imezorota, wateja wanapiga simu, na yeye anataka kujua ni programu ipi iliyong'ang'ania kichakataji. Hakuja kujifunza maktaba ya programu. Hilo nimelielewa vizuri zaidi kwa kutumia Babeltrace, maktaba inayosoma tresi ambazo LTTng, zana ya kurekodi matukio, huziandika Linux ikiwa kazini, kila tukio na wakati wake kwa nanosekunde.

Maktaba yenyewe imeandikwa kwa lugha ya C, na C haina huruma: unachokishikilia lazima ukiachie ukishamaliza, la sivyo programu inazidi kula memori. Toleo la 2.0, lililotoka mwaka 2020, lilileta moduli ya Python iitwayo bt2. Humo unazungusha kitanzi cha for juu ya tresi nzima, na kuachia kunafanyika chinichini. Likija tukio la sched_switch, la kichakataji kubadilisha programu, unaandika event['next_comm'] na unapata jina la programu iliyokabidhiwa kichakataji. Thamani ya namba unaijumlisha na namba yako hapo hapo, bila kuigeuza kwanza. Jambo dogo, lakini kuna mtu aliketi akashughulikia kujumlisha, kutoa, kulinganisha, yote hayo, ili mimi nisiwazie. Kazi ya namna hiyo naiheshimu sana, hasa kwa kuwa ikifanywa vizuri hakuna anayeiona.

Bado pana ugumu. Kitanzi kile hakileti matukio peke yake. Huleta pia ujumbe wa kuanza na kwisha kwa mkondo wa matukio, hivyo unapaswa kuchuja kwa kutazama aina, bt2._EventMessageConst. Kwa desturi ya Python, jina linaloanza na kistari cha chini ni la ndani, mgeni asiliguse. Hapa mgeni analihitaji tangu mstari wa kwanza.

Ugumu haupotei, unahama tu: asipoubeba mtunzi mmoja, wataubeba watumiaji wote, kila mmoja peke yake na kila siku. Naliona hilo hata kwenye fomu za ofisini, ambako mwananchi anadaiwa nakala ya cheti kilichotolewa na ofisi hiyo hiyo.

Vijana ninaofanya nao kazi nawaomba waandike kwanza mistari ambayo mgeni angetamani kuiandika. Halafu ndipo warudi ndani ya maktaba, waifanye mistari hiyo ikubali.