Juu ya Sinema Zirudiwazo

Kwa miaka mingi nilijihesabu kuwa adui wa sinema zirudiwazo. Hoja yangu ilikuwa fupi. Kisa kilichosimuliwa vema mara ya kwanza, kukitengeneza upya ni sawa na kuchemsha mara ya pili majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Rangi kidogo itatoka, lakini ladha haitatoka, na sisi tukaao kati ya mashamba ya Mufindi na Tukuyu hatuhitaji kufundishwa jambo hilo.

Ushahidi nilikuwa nao tele. Kampuni ya Disney ilitoa The Lion King mwaka 1994, picha ya kuchorwa, nami nikaiona nikiwa kijana mdogo. Mwaka 1998 ukafuata mwendelezo wake. Mwaka 2019 Jon Favreau akaiongoza upya kwa ufundi wa kompyuta, ili simba wafanane na simba wa kweli. Walifanana mno, na hapo ndipo kazi ilipoharibika. Simba wa kweli hakunji uso kwa huzuni kama mwanadamu. Mtoto akimkuta baba yake amelala maiti korongoni baada ya nyumbu kupita, mtazamaji anataka kuuona moyo wake usoni; lakini tulichopewa ni uso ule ule wa simba wa Ruaha anayetazama gari la watalii. Majina yote yale, Simba, Rafiki, Pumbaa, ni mali yetu, na picha yenyewe nimeisikia ikisema Kiingereza tu. Jambo hilo huniudhi bado.

Hali hii si ya jana. Mwaka 1932 Wamarekani walitoa picha iitwayo Red Dust, habari za mapenzi katika mashamba ya mpira ya Indochina. Mwaka 1953 wakairudia, wakaihamishia Afrika ya Mashariki, mchezaji mkuu akiwa Clark Gable yule yule, amezeeka kwa miaka ishirini na mmoja. Wakaiita Mogambo, neno ambalo wengi walidhani ni la Kiswahili. Si la Kiswahili. Lililo karibu nalo ni mgambo, nalo halihusiani na mapenzi hata kidogo. Mahali palibadilishwa, wanyama wakaongezwa, lakini sisi wenye nchi tulibaki nyuma ya picha tumebeba mizigo.

Hata hivyo, darasani nilikuwa nikisifu kazi iliyorudiwa bila kuona kwamba najipinga. Mwalimu Nyerere aliifasiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, kisha mwaka 1969 akaitoa tena baada ya kuisahihisha, sasa ikiitwa Juliasi Kaizari. Niliwaambia wanafunzi kwamba huo ndio uaminifu wa msanii. Hapakuwa na mwanafunzi aliyeniuliza kwa nini jambo moja ni uaminifu katika kitabu na ni uvivu katika sinema. Au yuko aliyeuliza, nami sikumsikia. Nitamtaja baadaye.

Msimu wa mvua uliopita nilipanda basi kwenda Iringa kumtazama mama. Macho yake yana mtoto wa jicho, na siku ya kupasuliwa ilikuwa bado. Nilikuwa na kompyuta yangu, na ndani yake picha ya Barry Jenkins ya mwaka 2024, Mufasa, ambayo haiendelezi kisa cha kwanza bali inarudi nyuma yake, kueleza jinsi mfalme yule alivyokuwa yatima. Usiku ule mvua ilipiga bati kwa nguvu. Mama akasikia vishindo vya picha, akauliza, "Baba, watazama nini peke yako?" Nikaona haya. Nikamsogezea kiti, nikaanza kumsimulia.

Nilianza kama msomi, nikifasiri maneno yaliyosemwa. Hakuridhika. Nilipomwambia kwamba mtoto wa simba amechukuliwa na mafuriko akatengana na wazazi wake, aliuliza, "Mto gani?" Nikasema picha haikuutaja. "Basi ni Ruaha," akasema, "endelea." Tangu hapo ikawa Ruaha. Nikamweleza kwamba yatima yule aliokolewa na mtoto mwenzake aitwaye Taka, ndiye atakayekuja kuwa adui yake. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mtoto haitwi Taka bure. Yumkini wenzake wote waliomtangulia walikufa, na wazazi wakampa jina la uchafu ili kifo kimpite bila kumtamani. "Sasa mtoto kama huyo," akasema, "akiletewa ndugu wa kuokota, akaona mama yake anampenda mgeni, atakosaje kuumia?"

Picha haikusema lolote la namna hiyo. Walioiandika walitafuta sababu ya wivu wa Taka katika mapenzi ya simba jike; mama aliipata katika jina. Kwa maoni yangu sababu yake ina nguvu zaidi, na sehemu iliyobaki niliisimulia kwa kuifuata.

Nilipokuwa nikisema hivyo nilijisikia sauti, na haikuwa yangu. Ilikuwa ya mtu mmoja wa kibanda cha video Mwanjelwa, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Siku hizo wasimulizi walikuwa wengi. Aliyevuma kuliko wote nchini ni Derek Mukandala, aitwaye Lufufu. Huyu wetu hakuvuma. Alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akatusimulia Titanic ya mwaka 1997, nayo ni kisa kilichokwisha kutengenezwa mwaka 1953 na tena mwaka 1958. Jack akawa kijana wa Tukuyu aliyepata tikiti kwa karata. Maji ya bahari yakawa baridi kuliko Kitulo mwezi wa Julai, na watu mle kibandani wakajikunyata kweli. Mimi nilicheka kwa dharau, kwa kuwa nilijua Kiingereza.

Dharau hiyo niliibeba hadi ofisini. Mwanafunzi mmoja aliniletea pendekezo la utafiti juu ya wasimulizi hawa. Alitaka kuonyesha kwamba wao hawafasiri picha, bali wanaitunga upya kwa ajili ya wasikilizaji waliopo. Nilimwandikia kwa wino mwekundu kwamba porojo za vibandani si fasihi. Akafanya utafiti juu ya methali, kazi safi isiyo na uhai, akafaulu, akaondoka. Daftari la usimulizi alilokuwa ameanza kulinakili sijui kama alilihifadhi.

Asubuhi mama aliniuliza kama kuna mwendelezo. Nikasema haujatoka. Akashangaa kwamba nangoja utoke.

Nilirudi Mbeya siku ya tatu. Tulipopita Makambako nilitafuta namba ya yule mwanafunzi, nikamwandikia kwamba nilikosea, na kwamba kama daftari lipo ningependa kulisoma. Basi lilikuwa limewasha picha ya mapigano, na msimulizi asiyeonekana alikuwa akimpa Mchina mmoja ukoo wa Kibena. Abiria walicheka, nami nikacheka nao. Jibu halijafika hata sasa.