Dole gumba

Watu wengi, hata wasomi, husema asiyejua kusoma ndiye mhalifu wa kesho. Nimeandika habari za mahakamani miaka kadhaa, na sikubaliani. Walioiba pesa nyingi kuliko wote niliowaona kizimbani walikuwa na mwandiko mzuri mno. Shida ya asiyesoma iko kwingine: ni zile karatasi anazowekewa mbele.

Baba yangu mdogo, mkulima wa kahawa huku kwetu Ngaka, shule aliitoroka darasa la pili. Alipokamatwa kwa wizi wa stoo ya kahawa, kituoni alisomewa maelezo ya onyo mbiombio, akaweka dole gumba. Kwamba amekiri, alikuja kujulia mahakamani. Siwezi kuapa kwamba hakuiba. Ila hukumu yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza (Kiswahili kimefanywa lugha ya mahakama 2021 tu, jamani), na sheria inampa mfungwa siku 10 za kutoa taarifa ya kukata rufaa, kisha 45 za kuiwasilisha. Zote zilimpita akitafuta wa kumsomea.

Sisi wapenzi wa fasihi tukitaja jela tunamkumbuka Abdilatif Abdalla, aliyeandika Sauti ya Dhiki kwenye karatasi za chooni. Lakini yeye aliingia Kamiti na kalamu tayari kichwani. Baba mdogo alifundishwa herufi humohumo gerezani, na mfungwa mwenzake. Barua yake ya kwanza ilikuwa na herufi kubwa kama mihogo: "Mama, hii nimeandika mimi. Sijambo. Msiuze shamba."

Bibi aliisoma mwenyewe. Alijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, enzi za kampeni ya Mwalimu iliyoanza 1970. Kufikia 1986 serikali ilihesabu wasiojua kusoma kuwa chini ya asilimia 10. Mwanawe alikuwa humo kwenye hao waliobaki.

Utafiti wa RAND wa 2013, Marekani, ulikuta waliosoma gerezani hurudi jela kwa nadra kuliko wenzao. Sawa, ingawa huenda anayejiandikisha darasani ameshaamua kubadilika.

Baba mdogo hajarudi. Siku za kuuza kahawa foleni nyuma yake hunung'unika, maana risiti anaisoma neno kwa neno, kidole chini ya mstari. Juzi alikuta kilo nne hazimo.