Moto Uje kwa Saa Yake

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako lipo gari kukuu la petroli, ambalo ndilo hupeleka viazi sokoni na mgonjwa hospitali. Asubuhi moja lakataa kuwaka. Majirani wanakusanyika, kila mmoja na shauri lake: nunua betri, nunua koili, badili kabureta. Kabla hujatoa hata shilingi moja, nisikilize kidogo.

Hapa kwetu Uwemba, mjomba wangu ana Land Rover ya miaka ya 1970. Mwezi mmoja wa Juni, wakati wa baridi yetu kali, fundi mmoja alizitoa nyaya za plagi azisafishe, kisha akazirudisha. Tangu hapo gari halikuwaka tena, ila lilipiga mshindo katika kabureta. Magunia ya viazi ya kupeleka Makambako yalikuwa yamekwisha kushonwa. Mjomba akakata shauri kuuza mtamba wake, akiba pekee ya nyumba, anunue betri na koili mpya. Nikamwomba anipe siku moja tu.

Yafaa ujue kwamba injini haitaki moto tu. Yataka moto kwa saa yake. Pistoni hupanda ikibana hewa na petroli. Inapokaribia kufika juu, kontakti zilizomo ndani ya distributa hufunguka, koili hutoa umeme mkali, na plagi hutoa cheche. Mpango huu uliingizwa katika magari ya Cadillac yapata mwaka 1910 na Charles Kettering wa Marekani, na magari makuukuu yaufuata hata leo.

Basi, anza hivi. Kwanza, tazama kama moto upo. Futa kifuniko cha distributa kwa kitambaa kikavu, maana ukungu wa milimani hukilowesha. Toa plagi moja, irudishie waya wake, ilaze juu ya chuma cha injini, mbali na petroli. Usiishike kwa mkono. Mwenzako azungushe injini. Ukiona cheche kali, koili ni nzima; usiinunue nyingine.

Pili, tazama kontakti. Kisigino chake kikilika, nafasi hupungua na moto huchelewa. Katika Land Rover ile nafasi ni kiasi cha milimita 0.4. Ipime kwanza, ndipo uguse taimingi. Ukifanya kinyume, utarudia kazi.

Tatu, tafuta pistoni ya kwanza. Zima swichi, vuta breki ya mkono, toa gia. Fungua plagi ya kwanza, ziba tundu kwa kidole, na mwenzako azungushe injini polepole kwa mpini. Hapa ndipo wengi hupotea. Pistoni hufika juu mara mbili ndipo distributa izunguke mara moja. Mara moja inabana hewa, mara ya pili inatoa moshi. Alama ya puli ni ile ile mara zote mbili, hivyo alama peke yake haitoshi. Ngoja upepo usukume kidole chako, ndipo uiname ulinganishe alama.

Tulipofanya hivyo, rota ilielekea kwenye waya wa plagi ya nne badala ya ule wa kwanza. Nyaya zote zilikuwa zimerudishwa nusu duara. Tukazipanga upya kwa zamu ya injini ile, yaani 1, 3, 4, 2.

Mwisho, tukachukua taa ndogo ya volti 12, waya mmoja kwenye mahali waya mwembamba wa koili unapoingia distributa, wa pili kwenye chuma cha injini. Tukafungua swichi, tukalegeza distributa, tukaizungusha taratibu. Taa inapowaka tu, kontakti zimefunguka. Kaza hapo hapo.

Jihadhari na jambo moja. Moto ukiwahi mno, mpini hurudi kwa nguvu na waweza kuvunja mkono. Uushike gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, uvute kwenda juu, wala usimwachie mtoto kazi hiyo.

Gari la mjomba liliwaka kabla ya jua kutua. Hakuna kilichonunuliwa. Viazi vilifika Makambako, na mtamba yule sasa ni ng'ombe wa maziwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, fundi akikuambia nunua, mwulize kwanza amepima nini. Badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ujue kipi kimeponya. Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame; na alama ya puli, kama ujuavyo, iko chini kabisa.