Mstari Nilioufuta



Mwaka jana nilikabidhiwa kazi ya kutunza tovuti ya seminari yetu. Frateri aliyekuwa akiitunza alikuwa amemaliza falsafa na kwenda kuanza teolojia, na kati ya tuliobaki mimi ndiye niliyejulikana kuwa na ujuzi kidogo wa kompyuta. Niliipokea kazi hiyo kwa furaha, na sasa najua kwamba ndani ya furaha ile kulikuwa na majivuno.

Jambo la kwanza nililotaka kubadilisha lilikuwa viungo, yaani yale maneno unayobonyeza ili kufungua ukurasa mwingine, ambayo wengi wetu tunayaita linki. Vilikuwa vya bluu, na mstari chini yake, kama kivinjari chochote kinavyovionyesha kisipopewa maelekezo mengine. Niliona ni ushamba. Nikafungua faili la mitindo, lile linaloitwa CSS, ambalo hukiambia kivinjari kila kitu kionekaneje. Kila kanuni ndani yake ina sehemu mbili. Ya kwanza, selekta, hutaja amri inahusu kitu gani; ya pili husema kitu hicho kifanyweje. Nikaamuru viungo vyote vilivyomo ndani ya makala viwe na rangi ya damu ya mzee, kama sweta zetu, na mstari uondoke. Ukurasa ukapendeza. Padre mmoja akanisifu mezani.

Wiki tatu baadaye likawekwa tangazo la kujiandikisha kwa kazi za kitume za likizo. Katikati ya aya maneno "fomu hii" yalikuwa kiungo. Mafrateri wote tukajaza, isipokuwa mmoja, jirani yangu bwenini. Padre mlezi akamwita na kumuuliza: asiyeweza kusoma tangazo hadi mwisho, atachungaje kundi? Waliopita seminari wanajua neno kama hilo lina uzito gani wakati wa tathmini ya wito. Nami, badala ya kunyamaza, nikasema mbele ya wenzangu, "Huyu naye uzembe umemzidi."

Jioni nikamfuata. Nikamwekea simu mkononi. "Fra, si hii hapa?"

Akatazama. "Wapi?"

"Hapo kwenye maneno yenye rangi."

Akakaa kimya kidogo. "Kaka, hapo mimi naona maneno meusi tu."

Wapo watu ambao macho yao hayapokei wekundu kama ya wengine, na kwao nyekundu iliyokoza huonekana karibu nyeusi. Wengi wao ni wanaume, kwa sababu hali hiyo hurithiwa kupitia kromosomu X, na mwanamume anayo moja tu. Mimi nilikuwa nimetengeneza tovuti ya nyumba ya wanaume watupu bila kuliwaza hilo. Mwenzangu aliniambia kwamba tangu shule ya msingi, alipochekwa kwa kupaka majani ya mti rangi ya kahawia, hajamwambia mtu. Akiwa zamu ya sakristia huzitundika kasula za kijani na nyekundu pande tofauti za kabati ili asikosee. Aliogopa jambo hilo likijulikana litaandikwa kuwa kasoro.

Usiku ule nikafungua kompyuta. Mwishoni mwa faili nikaongeza kanuni mpya: viungo vyote viwe na mstari. Nikaangalia ukurasa, hakuna kilichobadilika. Kanuni za CSS zina uzito. Selekta inayotaja kitu kwa kitambulisho chake cha pekee ni nzito kuliko inayotaja kundi, na inayotaja kundi ni nzito kuliko inayotaja aina ya kitu tu. Iliyoandikwa mwisho hushinda pale tu uzito unapolingana. Kanuni yangu ya zamani ilitaja eneo la makala kwa kitambulisho. Ile mpya ilitaja viungo tu. Ilikuja mwisho, lakini ilikuwa nyepesi.

Ipo njia ya mkato: unaipachika kanuni alama ya kuilazimisha ishinde nyingine zote. Nikaipachika. Mstari ukarudi, lakini ukajaa hadi kwenye menyu ya juu, ambako hautakiwi. Ndipo nikaifuta kanuni mpya, nikarudi kwenye ile ya kwanza, na kuondoa kwa mkono wangu amri ya kufuta mstari. Nilikuwa nimetaka kuweka malipizi juu ya kosa bila kuligusa kosa lenyewe.

Nikiwa hapo nikaona kosa jingine. Hali nne za kiungo hupangwa hivi: a:link, kisichofunguliwa, a:visited, kilichokwisha kufunguliwa, a:hover, kinachopitiwa na kipanya, a:active, kinachobonyezwa. Uzito wao ni sawa, kwa hiyo mpangilio ndio huamua. Nilikuwa nimeitanguliza ya tatu kabla ya ya pili, na hivyo kiungo kilichokwisha kufunguliwa hakikubadilika rangi tena kipanya kikipita juu yake.

Ile ya pili ina jambo lililonigusa. Kivinjari hujua umeshafika wapi, na hubadili rangi ya kiungo ili wewe ukumbuke. Zamani tovuti zenye nia mbaya ziliweza kuitumia rangi hiyo kupeleleza msomaji ametembelea wapi. Kuanzia mwaka 2010 watengenezaji wa vivinjari wakaanza kuziba mwanya huo. Sasa selekta hiyo hubadili rangi tu, na tovuti ikiuliza, hujibiwa kana kwamba kiungo hakijawahi kufunguliwa. Kivinjari kinajua, lakini hakitangazi. Mimi nilikuwa nimetangaza hata nisichokijua.

Asubuhi nikaenda kwa padre mlezi. Siri ya mwenzangu haikuwa yangu, nikasema langu tu: "Padre, kiungo hakikuonekana vizuri. Kosa ni langu. Na nimemwita mzembe mbele ya wenzetu." Akanitazama. "Basi na hilo lirekebishe mbele yao." Nikalirekebisha baada ya chakula cha mchana, na tonge lilikuwa limenikaa kooni. Mwenzangu alikwenda mwenyewe kwa padre mlezi baadaye, kwa wakati wake. Ameisoma makala hii na kuniruhusu niitoe.

Darasani tulikuwa tumesoma jinsi Mtakatifu Augustino, katika De Doctrina Christiana, anavyotenganisha alama za asili, kama moshi unaoashiria moto, na zile ambazo mtu humpa mwingine kwa makusudi. Nilijibu swali hilo vizuri kwenye mtihani. Sikutambua kwamba kila siku nilikuwa nikitengeneza alama za aina ya pili, na kwamba haitoshi mimi kuitoa alama. Ni lazima anayepewa aweze kuiona.

Damu ya mzee bado ipo, na mstari umerudi chini yake. Wapo wanaosema ukurasa ulipendeza zaidi zamani, na ni kweli. Lakini kukiwa na tangazo jipya, jirani yangu hujaza fomu kabla yangu.

Tuombeane.