Yataiva Saa Ngapi?

Kwetu Upareni, mahindi na maharage ya makande hutokota jikoni tangu asubuhi na hakuna anayeuliza yataiva saa ngapi. Yakiiva, yameiva. Mpwa wangu ana miaka mitano, na tangu mwaka jana nyumba nzima imelazimika kuuliza kwa ajili yake.

Ana kisukari cha aina ya kwanza. Kongosho lake halitengenezi insulini, kwa hiyo huchomwa sindano kila siku, na itakuwa hivyo maisha yake yote. Kabla ya kugundulika alianza kukojoa kitandani, akawa anakunywa maji kama mtu aliyetoka kulima juani, na akakonda. Majirani walisema ni minyoo, wengine malaria. Mmoja alinong'ona habari za kurogwa. Siku alipoanza kuhema kwa nguvu, dada yangu alikodi gari wakateremka naye hadi Same mjini. Tone moja la damu ya kidoleni likatoa jibu kwa sekunde chache.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya lishe, Morogoro. Darasani tunahesabu wanga kwa gramu. Niliporudi likizo na jedwali langu, dada alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa makande ya mama ni gramu ngapi?" Leo mahindi ni mengi, kesho maharage, siku nyingine kuna nazi. Yeye ana bakuli moja la plastiki, la bluu. Humpima mtoto kabla ya kula, humpakulia kwa bakuli hilohilo, na baada ya saa mbili humpima tena na kuandika kwenye daftari. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba makande humpandisha taratibu kuliko wali. Stripu ni 50 kwa kopo. Akipima mara nne kwa siku, hazifiki wiki mbili. Nyumbani hakuna friji, kwa hiyo insulini hukaa kwenye chungu kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa.

Mgogoro ulikuwa kwa mama yetu. Alikuwa akimpa mjukuu ndizi mbivu kwa siri na kusema, "Mnamnyima mtoto chakula. Ni ugonjwa gani unaotibiwa kwa njaa?"

Nilimweleza kwamba zamani ulitibiwa hivyo kweli. Madaktari wa Ulaya na Marekani waliwapunguzia watoto chakula hadi wakabaki mifupa, ili waishi miezi michache zaidi. Kisha Januari 1922, mjini Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson akawa wa kwanza kutibiwa kwa sindano ya insulini.

"Alipona?"

"Hakupona. Aliishi miaka 13 zaidi."

Nilimwona akijumlisha. Ishirini na saba kasoro. Ndio umri wangu.

"Kwa hiyo sindano ni ili ale," akasema.

Ni ili ale, lakini kwa saa. Insulini ikishaingia haisubiri jiko. Chakula kikichelewa, au akikimbiza mpira jioni nzima, sukari hushuka chini ya 4: hutetemeka, hutoka jasho, hulia bila sababu. Hapo sukari tunayomkataza ndiyo inayomwokoa. Anapewa maji ya sukari, tunasubiri dakika 15, tunapima tena. Usiku ndio mgumu zaidi, kwa sababu aliyelala hasemi kwamba anatetemeka. Dada huamka saa nane kumgusa shingo.

Ndizi za siri ziliisha. Sasa mama huzileta waziwazi, na huuliza kwanza daftari linasemaje.

Januari mtoto anaanza darasa la kwanza. Nimeandika barua ya kurasa mbili kwa mwalimu, yenye dalili zote na namba za simu. Mama amesema ataipeleka mwenyewe, ila ana swali lake moja la kuanza nalo: uji wa shule unaiva saa ngapi?