Kibali Kingoje, Hesabu Isingoje

Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Sina joho na sisimami mahakamani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inaitambua kazi yangu na inanikataza kumtoza mtu ada. Meza yangu ipo Nzuguni, upande wa stendi kuu ya mabasi na soko la Job Ndugai, na wengi wanaonijia wana mambo ya kila siku: mpaka wa kiwanja, matunzo ya mtoto, mirathi. Ila tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, limeongezeka kundi ambalo zamani hatukulijua sana huku: wenza wa kigeni. Mtumishi kahamishwa kutoka Dar es Salaam, kaja na mke wa Uganda. Fundi wa ujenzi kafuata kazi za mji wa Serikali wa Mtumba, kaja na mke wa Kenya. Muuguzi wa kwetu kaolewa na Mrundi aliyekutana naye Kigoma.

Wote huanza na swali moja: "Dada, kibali kitatoka lini?" Hilo sina jibu lake, na anayedai analo, akakutajia na bei, huyo ni kishoka. Malipo ya Serikali hupitia kontrol namba. Shilingi inayoingia kwenye simu ya mtu binafsi haijaenda Uhamiaji.

Swali la pili ndilo linalotukalisha: wakati nasubiri, nile nini na nifanye kazi gani?

Kwanza huwa nawaeleza kwamba cheti cha ndoa kinathibitisha ndoa tu. Pasi ya mtegemezi nayo inakuruhusu kuishi na mwenzako. Haikuruhusu kuajiriwa wala kufungua biashara. Kazi ina kibali chake, kinachotolewa na Kamishna wa Kazi chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Mwajiri ndiye anayekuombea, na lazima aonyeshe kwamba Mtanzania mwenye sifa za kazi hiyo hakupatikana. Kikitoka, ni cha miezi 24, kisha kinahuishwa. Kwa hiyo shule binafsi ikikwambia "anza Jumatatu, vibali tutashughulikia mbele ya safari", jibu ni kwamba hatuanzi. Ukikamatwa, mwajiri anaweza kulipa faini akaendelea na shughuli zake. Wewe unahatarisha ndoa, maana ombi lako la ukaazi liko mezani kwa watu walewale wanaokukamata.

Wakenya na Waganda hubishana nami hapa. Wanasema sisi ni Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Itifaki ya Soko la Pamoja inatumika tangu Julai 2010. Ni kweli. Mpakani raia wa Jumuiya anaweza kupewa hadi miezi sita ya kukaa. Lakini kukaa ni jambo moja, kukaa nyuma ya kaunta ni jingine. Chini ya itifaki ile kila nchi ilifungua soko lake la ajira kwa ratiba yake, na Tanzania ilitaja aina chache za kazi, nyingi za kitaalamu. Kusuka nywele hakumo.

Nataja kusuka kwa sababu maalumu. Dada mmoja wa Kisumu, ambaye nimebadilisha baadhi ya mambo yake asitambulike, alikuwa na mkono mwepesi mpaka wateja wakamfuata kutoka Ilazo. Mume, Mtanzania, alikodi fremu, leseni ikatoka kwa jina lake yeye mume, na mke akawa msusi. Tarehe 28 Julai 2025 ikatoka amri ya Wizara ya Viwanda na Biashara ikiorodhesha biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kufanya. Saluni imo, isipokuwa ya hotelini au ya shughuli za utalii. Umo pia uuzaji wa jumla na rejareja, uwakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu, ufundi wa simu, udalali wa nyumba na viwanja, ununuzi wa mazao shambani, hata viwanda vidogo. Ukiipitia orodha hiyo, utaona karibu kila kazi ambayo mwanamke mgeni angeianza kwa mtaji mdogo karibu na stendi imo ndani. Adhabu kwa mgeni ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia naye ana adhabu yake: faini ya milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Raia huyo, kwa habari ya yule dada, ni mumewe.

Akaniuliza: "Na nikiwa namsaidia mume wangu tu, bila mshahara?" Wengi huuliza hivyohivyo. Amri inatazama anayefanya biashara, na mkaguzi akiingia atamwona aliyeshika kitana. Hatajua mipango yenu ya chumbani. Nilimshauri aondoke kwenye kiti mpaka hadhi yake ijulikane, na mume aajiri msusi raia. Iliwauma, maana yeye ndiye aliyekuwa saluni yenyewe.

Cha kufanya wakati wa kungoja kipo, na kinasahaulika. Mwenye shahada ya nje aipeleke Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, itambuliwe. Muuguzi aanze mawasiliano na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Aliyesoma kwa Kifaransa, kama Warundi na Wakongo wengi, atafute tafsiri iliyothibitishwa. Mambo haya yana foleni zake, na yakianza baada ya kibali yanakula mwaka mwingine. Kodi ya nyumba yako ya Kampala, akiba yako ya Lusaka, fedha anazokutumia kaka yako kutoka kwenu: hizo ni zako na unaweza kuzitumia hapa. Hapo ndipo tunafika kwenye swali ambalo karibu hakuna anayeniuliza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: fedha hizo zikifika Nzuguni, zinaingia kwenye jina la nani?

Nimeona zinavyokwenda. Benki inataka kibali cha ukaazi kabla ya kufungua akaunti, basi fedha zinapita kwenye akaunti ya mume. Laini ya simu ni ya mume. Mchezo wa akina mama anacheza mke, lakini kijumbe anatuma kwenye namba ya mume. Kisha kinatokea kiwanja Nzuguni B. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi, isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Mauziano yanaandikwa jina la mume peke yake, ingawa nusu ya bei ilitoka Kampala. Hakuna aliyeiba. Kila hatua ilikuwa na sababu yake. Mwisho wa hatua zote, mke amejenga nyumba ambayo hakuna karatasi hata moja inayomtaja.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema nini? Inasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mtu, ila kama wanandoa wamekubaliana vinginevyo. Inasema pia mali iliyopatikana kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake peke yake mpaka mwingine athibitishe tofauti. Neno kubwa hapo ni kuthibitisha. Nyumba ya ndoa ina kinga: haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, na mwenza anaweza kuweka zuio. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya familia. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu jipya, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe alizitumia vibaya. Msingi ukabaki, na wanawake wengi wamesimama juu yake tangu hapo. Hakuna kifungu kinachosema haki hizi ni za Mtanzania tu. Lakini mahakama inataka ushahidi, na mgeni ndiye mwenye ushahidi mdogo kuliko wote, kwa kuwa muda wote wa kungoja alikuwa anaishi kwa jina la mtu mwingine.

Kwa hiyo siku hizi kabla ya kufungua fomu za Uhamiaji nawaomba wanandoa waandike ukurasa mmoja. Tarehe, kiasi kilichotoka kwa nani, kimepitia akaunti gani, kimenunua nini. Wakopane au wapeane, lakini waseme ni lipi. Wote wasaini, wapate mashahidi wawili, mmoja wa kila upande ikiwezekana, wapeleke kwa kamishna wa viapo apige muhuri. Risiti za saruji na mabati zihifadhiwe kwenye bahasha ileile. Kila kitu kikubwa kikiongezeka, mstari unaongezwa. Nakala moja ikae kwa mke, mahali anapopajua yeye.

Wanaume hukunja uso. "Ina maana haniamini?" Huwa nawajibu kwamba mzee, hii karatasi si ya siku mkigombana. Ni ya siku utakapokufa. Pasi ya mtegemezi inaning'inia kwa yule anayemtegemea. Ukifa leo, wiki hiyohiyo mkeo ataulizwa maswali na Uhamiaji kuhusu hadhi yake na maswali na ukoo wako kuhusu nyumba. Wifi zake watasema alikuja na begi. Bila wosia na bila ukurasa huu, atawajibu kwa ushahidi gani? Wengi hapo hutulia, na wengine huomba kalamu.

Waume wa kigeni wana shida iliyo kinyume. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke aliyeolewa na Mtanzania nafasi ya kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanaume aliyemwoa Mtanzania hana mlango huo; anapita njia ndefu ya kila mgeni. Yule Mrundi aliyemwoa muuguzi wetu, fundi cherehani hodari, alikaa nyumbani akitegemea mshahara wa mkewe, kila kitu kikiwa kwa jina la mke, na mashemeji wakimwita mlelewa. Aliona aibu kudai karatasi. Mke ndiye aliyemleta kwangu, akasema cherehani tatu zilizopo nyumbani zilinunuliwa kwa fedha za mumewe na ziandikwe hivyo. Zikaandikwa.

Na uraia wenyewe una gharama, kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Anayeuchukua anarudisha wa kwao. Asiharakishwe na mtu anayetaka tu jina lake liingie kwenye hati ya kiwanja.

Wabunge wetu, wanaokaa mwendo mfupi kutoka hapa, wana kazi ya kufanya. Kwanza, waume na wake wa kigeni wawekwe kwenye mstari mmoja katika Sheria ya Uraia. Pili, mwenza wa raia ambaye ombi lake limepokelewa apewe ruhusa ya muda ya kufanya kazi, hata ya aina chache, maana familia anayolisha ni ya Watanzania. Mpaka hapo, wewe uliyeolewa au kuoa na unangoja: usifanye kazi bila kibali, usimlipe kishoka, na usiruhusu shilingi yako iingie kwenye ukuta wa nyumba kabla haijaingia kwenye karatasi. Ukiwa Dodoma na huna wa kukuandikia, njoo Nzuguni. Hatutozi.