Fundi Hajulikani

Agosti 2024 nililala siku tatu katika hoteli ndogo kando ya Ziwa Kivu, mjini Goma, yenye kazi za sanaa nyingi kuliko vitanda. Mapokezi palitundikwa chukudu nzima, lile gari la mbao la magurudumu mawili ambalo vijana wetu hubebea makaa na viazi, lakini hii ilipakwa rangi ya buluu na haikubeba kitu. Penye ngazi kulikuwa na kichwa cha mtu kilichoundwa kwa simu mbovu na nyaya. Chini ya kila kazi palikuwa na kadi nyeupe: jina la msanii, mwaka, vifaa alivyotumia.

Sikwenda kutalii. Palikuwa na warsha ya kutafsiri ujumbe wa kipindupindu kwa Kihunde na Kinyanga, nami niliitwa kwa sababu kwetu ni Walikale na Kinyanga ndiyo lugha ya mama yangu. Upande wa Kihunde aliitwa mama mmoja mzee wa Masisi. Alikimbia kwao mapigano yalipokaribia Sake mwanzoni mwa mwaka ule, akawa anaishi katika kambi ya Bulengo. Nilimzoea tangu zamani, kwa kuwa nilikuwa nimemrekodi kwa ajili ya tasnifu yangu inayolinganisha msamiati wa ususi katika lugha hizi mbili. Nilimwita Koko, kama tunavyowaita bibi zetu.

Siku ya kwanza nilimbebea mfuko wake hadi chumbani. Juu ya kitanda palikuwa na picha kubwa ya vilima vya Masisi: majani mabichi, ng'ombe, ukungu bondeni. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaitazama muda mrefu.

"Njo kwetu pale," alisema. Kisha akaongeza: "Lakini balisahau bantu."

Niliangalia tena. Kweli, hapakuwa na nyumba, wala shamba la maharage, wala moshi. Sikuwa na la kumjibu. Hata hivyo jina la mchoraji lilikuwa pale kwenye kadi. Mtu akitaka kumuuliza watu wamekwenda wapi, anajua wa kumuuliza.

Siku ya pili, tukienda kula, Koko alisimama ghafla kwenye ujia. Ndani ya sanduku la kioo kulikuwa na kikapu kikuukuu, kimekuwa cheusi kwa moshi wa jikoni. Aliniomba nimsomee kadi. Iliandikwa kwa Kifaransa, nikamtafsiria: kikapu, Masisi, fundi hajulikani.

"Hajulikane na nani?"

Nilicheka kidogo, lakini yeye hakucheka. Aliinama, akafuata kwa kidole juu ya kioo namna ukindu ulivyozunguka kutoka kitako hadi mdomoni. "Uyu mama alikuwa anatumika na mukono ya kushoto," alisema. Akanionyesha: msusi wa mkono wa kulia huzungusha upande huu, na huyu alizungusha upande ule. Tena mdomo ulimaliziwa na mtu mwingine, labda binti yake, maana mishono ilikuwa mipana na haikukazwa sawasawa. Kwa dakika tano yule fundi asiyejulikana alipata mkono, na pengine mtoto pia.

Halafu akanigeukia. "Na mimi, mu kitabu yako, uliniandika je?"

Nilikuwa na kompyuta mkobani, lakini sikuhitaji kuifungua. Nilimwandika hivi: M4, mke, miaka 70 hivi, Masisi. Ndivyo tulivyofundishwa: mtoataarifa hupewa namba. Mtu aliyenieleza tofauti ya vitenzi vitano vya kusuka, aliyenisahihisha toni hadi nikaona haya, kwenye jedwali langu alikuwa herufi na tarakimu. Nilikuwa nimeandika kadi ileile ya kwenye kioo.

Usiku ule sikulala upesi. Niliwaza juu ya Rureke. Kila mwanafunzi wa lugha kutoka Walikale anamjua, kwa sababu mwaka 1956 mshekarisi huyu wa Kinyanga alimsimulia Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza na kuigiza. Biebuyck na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenzetu ambaye ni mwanaisimu, walipouchapisha mwaka 1969 pamoja na matini ya Kinyanga, jina la Candi Rureke lilikuwamo. Wangeweza kuandika tu kwamba utendi ni wa Wanyanga. Kwa kuwa hawakufanya hivyo, leo tunaweza kujadili mtindo wa Rureke, uchaguzi wake, hata mzaha wake, kama tunavyojadili wa mwandishi yeyote.

Lakini namba zetu zina sababu. Kwetu jina humtaja mtu pamoja na kilima chake, lugha yake, na upande ambao wengine watamhesabia. Kwenye barieri ya njiani linaweza kuamua kama utapita. Rureke alisimulia wakati mwingine. Mimi nikichapa jina la mama mzee wa Masisi na mahali alipozaliwa, nani atalisoma, na kwa nia gani? Kadi isiyo na jina humnyang'anya mtu kazi yake, na yenye jina inaweza kumponza.

Asubuhi nilimweleza Koko mambo haya yote, kwa Kiswahili, polepole. Nilimwambia achague: jina lake, jina la kupanga, au namba. Alisikiliza hadi mwisho, akakunja kitenge magotini.

"Namba, apana. Jina ya uongo, apana. Jina yangu utaiandika siku nitarudia kwetu."

Nilirudi kwa msimamizi wangu na swali hilo, tukabadili fomu ya ridhaa. Sasa kila msemaji huamua mwenyewe, na anaweza kubadili uamuzi wake baadaye. Wengine wamechagua jina, wengine namba, na kila mmoja ana sababu yake.

Januari 2025 vita vilifika Goma penyewe. Februari kambi zikavunjwa, na Machi wapiganaji wakaingia Walikale, kwetu. Tangu hapo simu ya Koko haipatikani. Watu wa Bulengo wengi walielekea Masisi, huenda naye yumo.

Kwenye jedwali la tasnifu, mstari wa nne, nimefuta M4. Nafasi ya jina iko wazi, na chini yake nimeandika kwamba msemaji huyu anajulikana, na kwamba ruhusa ya kumtaja iko mikononi mwake.